Konekshen kwenye eapoti kubwa: hesabu milango, usihesabu mita

Nilifuata watu. Kosa langu lote ni hilo. Ndege imetua, tumesimama kwenye ile njia nyembamba katikati ya viti kila mtu kakumbatia begi lake, mlango umefunguliwa, natoka naona watu mia na kitu wanaelekea upande mmoja wanatembea kwa kujiamini kabisa, nikasema hawa wanajua wanakoenda, ngoja niwafuate. Wakashuka ngazi za umeme, nikashuka. Wakapita mlango wa kioo unaofunguka wenyewe, nikapita. Ukajifunga nyuma yangu. Nageuka kuuangalia, upande huu hauna kitasa, ukiusogelea hauna habari na wewe, na juu yake kuna kibao chekundu cha kukataza kuingia. Mbele yangu foleni ya uhamiaji. Wale watu walikuwa wanajua wanakoenda kweli, walikuwa wanaenda kwao! Mimi nilikuwa na konekshen, yaani nabadilisha ndege, na ndege nyingine inaondoka baada ya saa moja na dakika kumi, na geti lake lilikuwa juu kule nilikotoka, kama mita 200 hivi, nikiinua kichwa nauona mkia wa ndege yenyewe kupitia kioo.

Yaliyofuata sina haja ya kuyaeleza yote. Afisa kanihoji kwanini sina viza ya nchi yake, akaita mfanyakazi, naye akaita mwingine, nikazungushwa kwenye korido za nyuma mpaka sehemu ya ukaguzi, nikavua mkanda na viatu, nafika getini namkuta dada anazima kompyuta yake. Mita 200 zilinichukua dakika 65.

Tangu siku hiyo nikiangalia ramani ya eapoti siangalii umbali. Naangalia milango: wapi kuna ukaguzi, wapi kuna afisa wa pasipoti, wapi kuna treni, na wapi ukishapita ndo basi, hurudi. Eapoti kubwa haikupotezi kwa ukubwa wake, mita 800 mtu mzima anazitembea, inakupoteza kwa ile milango ya kwenda bila kurudi. Haya ninayoandika hapa ni namna ya kuijua hiyo milango kabla haijakufungia nje.

Jengo limekaaje

Hili lifanye nyumbani, ukiwa umekaa, sio ukiwa unakimbia na begi. Zile eapoti kubwa za kuunganisha ndege, wanaziita habu, ukiziangalia kwa juu utadhani kila moja ina umbo lake lakini kiukweli maumbo yenyewe ni machache tu.

Kuna zile za jengo moja lenye vidole. Katikati kuna ukumbi mkubwa wenye maduka na skrini, halafu vinatoka vidole virefu, na ndege zimejipanga pande zote mbili za kila kidole. Schiphol ya Amsterdam iko hivo, na Istanbul, ile mpya iliyohamiwa rasmi Aprili 2019, nayo iko hivo ila kwa ukubwa wa kutisha kidogo. Uzuri wake uko chini ya paa moja. Ubaya wake ni miguu, ukishuka mwisho wa kidole kimoja na ndege yako nyingine iko mwisho wa kidole cha upande wa pili umekwisha, anza kutembea sasa hivi, kahawa utakunywa ukifika.

Halafu kuna zile za visiwa. Majengo marefu yamelala sambamba katikati ya njia za ndege na yanaunganishwa na treni inayopita chini ya ardhi. Mfano mzuri ni Atlanta, ambayo kwa miaka mingi ndo imekuwa inaongoza duniani kwa idadi ya abiria, visiwa vyake vimepangwa kwa mstari T, A, B, C, D, E, F, yaani ukijua herufi yako unajua vituo vingapi, na treni ikikuudhi kuna njia ya kutembea humo humo chini. Heathrow Teminali 5 nayo ni kisiwa juu ya kisiwa, jengo kuu ni A, kisha B na C ziko kule nje unafika kwa treni ya chini. Dubai Teminali 3 ina A, B na C na kwenda A ni treni pia. Sasa kwenye eapoti za namna hii shida ni kwamba mtu anaona "Teminali 3" kwenye tiketi zote mbili anatulia, anazunguka dukani, kumbe kati ya geti lake la kushukia na la kupandia kuna lifti, treni na ngazi mbili.

Za tatu ni kama nyota. Daxing ya Beijing, imefunguliwa 2019, ina mikono mitano inayotoka katikati na waliobuni walijivunia kwamba kutoka katikati mpaka geti la mbali kabisa ni mita 600 hivi. Ukipata eapoti ya hivi shukuru, ukipotea unarudi tu katikati unaanza upya.

Na za nne, hizi ndo za kuogopa. Hizi kwa kweli sio eapoti moja, ni eapoti kadhaa zimepewa jina moja. JFK ya New York kila teminali inajitegemea, ina ukaguzi wake, na treni inayoziunganisha iko nje ya eneo la ukaguzi, maana yake kubadili teminali ni kutoka nje kabisa na kuingia upya kama vile ndo umefika na teksi. Charles de Gaulle ya Paris ina Teminali 1 ya duara, ile ya mwaka 1974, halafu Teminali 2 yenye vipande vya herufi, halafu ya 3, na treni ya bure inayozunguka kati yake nayo iko nje. Hata Dubai, Teminali 2 iko upande wa pili kabisa wa njia za ndege, sio jirani ya 3 kama namba zinavyokudanganya. Kwa hiyo kile kijiherufi kidogo kwenye tiketi, T1, T2, 2E, kisome mara mbili. Ni kidogo kuliko vyote na ndo kina maana kuliko vyote.

Ila hata jengo moja linaweza kukudanganya. Frankfurt Teminali 1, mageti ya A na mageti ya Z yako kwenye kidole kimoja, Z iko juu ya A, yaani unaweza kuwa umesimama A na ndege yako iko kichwani kwako. Lakini A ni kwa safari za ndani ya Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kati yao, Z ni za nje, na katikati ya sakafu na dari hapo kuna afisa wa pasipoti na foleni yake. Umbali ni ghorofa moja, muda unaweza kuwa nusu saa. Ndo maana nasema mita hazina kazi.

Swali la kujiuliza ukiwa na ramani mbele yako ni hili tu: je naweza kutoka geti la kushukia mpaka la kupandia bila kupita ukaguzi na bila kugongewa pasipoti? Kama ndiyo, una raha. Kama hapana, hesabu ni mara ngapi.

Na mageti utayajuaje wakati hayajatangazwa? Kuna ujanja. Chukua namba ya ndege yako uitafute kwenye site za kufuatilia ndege au site ya eapoti yenyewe, uone jana na juzi ilitumia geti gani. Ndege ya kila siku mara nyingi inarudi eneo lile lile, sio lazima geti lile lile, lakini kidole au kisiwa kinakuwa hicho hicho. Ukishaona piga skrinshoti ya ramani uiweke kwenye simu, usitegemee waifai ya pale, nyingine zinataka zikutumie namba ya siri kwa meseji na laini yako haishiki mtandao, nyingine mpaka utafute mashine uskani pasipoti.

Tiketi moja au mbili, hapa ndo watu wanalia

Konekshen kwenye bukingi moja na konekshen uliyojiungia mwenyewe kwa tiketi mbili za bei rahisi ni vitu viwili tofauti kabisa hata kama ndege ni zile zile. Bukingi moja ina ile namba ya herufi na tarakimu sita, na hapo kampuni ndo imekuuzia konekshen kwa hiyo ndege ya kwanza ikichelewa ni mzigo wao kukuweka kwenye nyingine. Tiketi mbili, ndege ya kwanza ikichelewa ya pili inakuhesabu hujatokea, basi. Na zaidi ya hapo begi lako kubwa mara nyingi halitaunganishwa, itabidi utoke nje, ulichukue kwenye mkanda, uende juu kucheki-in upya, na kutoka nje maana yake kuingia nchini kwa watu, na kuingia nchini kwa watu maana yake viza. Nimeona mtu ameokoa hela ya tiketi halafu akazuiwa kupanda ndege ya kwanza kabisa kwa sababu hiyo.

Kuhusu viza ya kupita, usichukulie kirahisi kwamba "mimi napita tu". Marekani hakuna kupita tu, wote mnaoshuka mnaingia nchini kihalali, uhamiaji, mnachukua mabegi, forodha, mnayarudisha mabegi, ukaguzi tena, hata kama unabadilisha ndege kwenda nchi nyingine, kwa hiyo viza inahitajika. Schengen wengi wanaweza kubadilisha ndege bila kuingia, lakini kuna pasipoti ambazo hata kukaa ndani ya eapoti zinahitaji viza maalum ya eapoti, mfano za Kongo Kinshasa, Somalia, Ethiopia na Nigeria. Na kuna mtego mwingine wa Schengen ambao mashine za kutafuta tiketi hazikwambii: ukipewa konekshen mbili ndani ya Schengen, tuseme Amsterdam halafu Frankfurt ndo utoke kwenda nje, hapo kati umesafiri ndani ya Schengen, umeingia, unahitaji viza ya kuingia hata kama hukanyagi barabara. Tangu Oktoba 2025 pia wameanza mfumo wa kuchukua picha na alama za vidole za wageni wanaoingia, kwa hiyo mara ya kwanza weka muda wa ziada.

Saa za tiketi

Hili ni letu sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Tiketi inaandika 06:15, hiyo ni saa kumi na mbili na robo asubuhi, sawa hilo wengi wanalijua. Kinachoua ni 00:20. Tiketi inasema tarehe 15, 00:20. Mtu anasoma tarehe 15 saa sita na dakika ishirini usiku, anajiandaa tarehe 15 jioni, anafika eapoti usiku na mabegi na ndugu wa kumsindikiza, ndege imeondoka jana yake. 00:20 ya tarehe 15 ni ule usiku unaouita wa tarehe 14! Habu nyingi zinarusha ndege usiku wa manane kwa hiyo sio kitu cha nadra. Na saa ya boding pasi, ile karatasi ya kupandia ndege, siku zote ni ya pale unapopandia. Simu ikiwa bado umeiweka kwenye hali ya ndege inaweza kubaki na saa ya ulikotoka, angalia saa ya ukutani kwanza kabla hujajiambia una muda.

Pale kwenye kaunta

Ukicheki-in kitu kimoja usikiache: tegi ya begi. Usiondoke kabla hujaziona zile herufi tatu kubwa zilizochapwa, ziwe za mwisho wa safari yako, sio za konekshen. Unapitia Doha kwenda London Heathrow, iandikwe LHR kwa ukubwa, na DOH iwe ndogo kama njia. Ikiwa DOH ndo kubwa, begi linaishia Doha na wewe unaendelea. Muulize tu yule wa kaunta, "begi linafika mpaka mwisho?" na uombe boding pasi zote mbili hapo hapo. Kikaratasi cha tegi wanachokupa kibandike nyuma ya simu au ndani ya pasipoti, usikitupe, kazi yake utaiona huko mwisho.

Ukishatua

Dakika kumi za kwanza ndo zinaamua. Kuna kitu watu hawakijui kuhusu habu, ndege zake haziji moja moja kama mabasi, zinakuja kwa wimbi. Wanapanga hivo makusudi: ndege 30 zikiingia karibu pamoja na 30 zikatoka muda mfupi baadaye, abiria wanaweza kuunganishwa kwa namna 900. Ni biashara nzuri sana ila kwako wewe maana yake ni kwamba wote mmeshuka kwa wakati mmoja, wote mnaelekea mashine zile zile za ukaguzi, na foleni iliyokuwa na watu 20 dakika tano zilizopita sasa hivi ina 300. Kwa hiyo ukitoka mlangoni usisimame kutafuta chaja kwenye begi. Hata choo, kile cha kwanza kabisa mbele ya mageti ndo kina foleni kuliko vyote kwa sababu ndege nzima imekiona, tembea mpaka cha pili au cha tatu utakikuta kitupu.

Vibao sasa. Kwa Kiingereza utatafuta neno "Transfer" au "Connections", mara nyingine kuna picha ya ndege mbili au ndege na mshale. Neno "Arrivals" na picha ya begi ni la wanaoishia pale, ndo mlango wangu ule. Rangi nazo zinasaidia, Heathrow konekshen ni vibao vya zambarau, wewe fuata zambarau tu usiulize. Schiphol ni manjano na maandishi meusi, staili hiyo imeanza 1967 na eapoti nyingi zimeiga. Ukiona kibao unachokifuata kimepotea kwa dakika mbili tatu, simama, rudi mpaka cha mwisho ulichokiona. Usiendelee kwa imani.

Kwenye skrini, tafuta kwa namba ya ndege iliyo kwenye boding pasi yako, sio kwa jina la mji peke yake. Mji mmoja unaweza kuwa na ndege tatu ndani ya masaa mawili. Na usishtuke ukiona ndege moja ina namba nne zinazobadilikabadilika, kampuni zinauziana viti, ndege ni ile ile, subiri yako ipite.

Hesabu yenyewe

Tuchukue konekshen ya dakika 75, kampuni imekuuzia, ni halali. Ndege inafika 05:00, nyingine inaondoka 06:15. Mtu anaona saa moja na robo anapanga kununua manukato.

Ngoja. Hiyo 05:00 ni ndege kusimama, wewe uko siti ya 38, mpaka watu wote wa mbele washushe mabegi yao ni dakika 12 hivi. Ni 05:12. Upande wa pili, 06:15 ni ndege kusogea, geti linafungwa dakika 15 au 20 kabla, tuseme 05:55. Kwa hiyo saa moja na robo yako ni dakika 43. Ukaguzi kwenye wimbi, toa 15, zimebaki 28. Treni, kusubiri na kupanda na kushuka ngazi zake, toa 6, zimebaki 22. Geti liko mwisho wa kidole, mita 800 na begi mkononi ni dakika 11. Zimebaki 11, na hizo 11 ndo choo, ndo maji, ndo kukosea njia mara moja. Kukosea mara mbili huna.

Na ndege ya kwanza ikichelewa dakika 20 tu? Hapo ndo uongee mapema, ukiwa bado hewani mwambie mhudumu wa ndege, wakati mwingine wanawatangulizia wenye konekshen fupi kushuka kwanza, wakati mwingine kuna mtu chini kasimama na karatasi yenye majina. Ukimwona usimpite! Na ukifika kwenye foleni ya ukaguzi umebakiwa na dakika chache usijione mnyonge, mwonyeshe mfanyakazi boding pasi, nyoosha kidole kwenye saa, atakupitisha njia ya pembeni. Kuruka foleni kimya kimya ndo kunakoleta ugomvi.

Kwenye ukaguzi wenyewe sitakaa sana. Vimiminika vya zaidi ya mililita 100 bado vinakataliwa sehemu nyingi, sheria hiyo imeanza 2006, baadhi ya eapoti zenye mashine mpya zimelegeza lakini wewe unapita eapoti mbili au tatu na huwezi kujua ipi imelegeza, kwa hiyo funga mzigo kwa sheria kali. Chupa ya maji ibebe tupu ujaze ndani. Ulichonunua dyutifrii cha maji kiache ndani ya ule mfuko uliofungwa pamoja na risiti, usiufungue mpaka mwisho wa safari, ukiufungua kwenye ndege ya kwanza ukaguzi wa pili wanakuchukulia. Pawabenki ikae begi la mkononi, isizidi Wh 100, ambayo ni kama mAh 27,000, na maandishi yake yawe yanasomeka.

Geti sio mpaka ukae, ni mpaka upande

Namba ya geti ukishaielewa ni kama anwani. B32, B ni kidole au kisiwa, 32 ni umbali wa kutembea, na sehemu nyingi shufwa ziko upande mmoja na witiri upande mwingine. Ukiona geti lina namba yenye kiherufi nyuma au liko ghorofa ya chini bila ndege dirishani, kuna uwezekano ni geti la basi, mnapelekwa na basi mpaka ndege iliyopaki mbali. Hayo yanafunga mapema na basi halirudi kwa ajili yako.

Geti linabadilika pia. Na eapoti nyingi kubwa siku hizi zimeacha kutangaza kwa spika, wanasema ni utulivu, tangazo linasikika geti lile tu linalohusika. Ukilala kwenye kiti kwa kuamini utaitwa, hutaitwa.

Niliwahi kumkuta mama mmoja, mtu mzima, kakaa peke yake geti lenye viti vitupu, mkoba mapajani, kavaa koti lake kabisa kama mtu anayeondoka dakika hiyo. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba baba." Nikamuuliza anasafiri kwenda wapi, akanipa boding pasi, akaniambia, "Nimekaa hapa tangu walivoniandikia, ila wenzangu mbona siwaoni?" Naangalia, geti limeandikwa C14 na tuko C14 kweli, mama hajakosea kitu. Ila ile karatasi imechapwa masaa nane kabla, kwenye nchi nyingine, na kwenye skrini ndege yake ilikuwa B26. Tukaenda, mimi nimebeba mkoba, yeye ananiambia "pole pole mwanangu magoti haya", tukafika wakiwa wamebaki watu sita kwenye mstari.

Kwa hiyo geti la kwenye karatasi ni tetesi tu, skrini ndo inasema kweli. Iangalie ukitua, iangalie ukimaliza ukaguzi, iangalie ukiwa umeshakaa getini. Skrini ya geti lenyewe iwe na namba ya ndege yako, kama ina mji mwingine nyanyuka.

Na kama unamsafirisha mzazi, tafadhali ombea kiti cha magurudumu hata kama anatembea vizuri nyumbani. Sio ugonjwa wala aibu, na wengi hawajui kwamba huduma hiyo ina viwango: WCHR ni anayeweza kupanda ngazi ila umbali mrefu unamshinda, WCHS ni asiyeweza ngazi, WCHC ni asiyetembea kabisa. Mzazi wa kawaida wewe ombea WCHR. Omba kwa kampuni ya ndege angalau masaa 48 kabla, Ulaya kwa sheria ni bure. Anapokelewa mlangoni pa ndege, anapitishwa ukaguzi na pasipoti kwa njia yao, anafikishwa geti sahihi. Yaani ile milango yote niliyoilalamikia juu, kuna mtu mwenye funguo anamfungulia. Ila mwambie mzazi asinyanyuke kwenye kile kiti kwenda kuzunguka madukani kwa sababu amejiona ana nguvu, wakimkosa wanaandika hayupo.

Ukiwa na masaa mengi

Konekshen ya masaa nane ni hadithi nyingine. Pita milango yote kwanza, ukaguzi, pasipoti, treni, ufike eneo la geti lako, ndo upumzike. Watu wanafanya kinyume, wanapumzika upande wa kwanza kwa sababu una maduka mazuri, wanakuja kukimbizana na foleni wakati wimbi lingine limetua. Kabla hujapita ule mlango wa mwisho kuelekea visiwa vya mbali angalia kama kule kuna chakula na soketi, kwingine ukishaenda kurudi kwenye ukumbi mkuu ni shida. Pa kulala, tafuta vidole ambavyo ndege zake zimeshaondoka, vinakuwa kimya na viti visivyo na mikono katikati. Alamu mbili, na mkono mmoja ndani ya kamba ya begi.

Begi likigoma kutokea

Umefika, mkanda unazunguka, mabegi yamebaki mawili na hakuna lako. Usitoke nje ya ukumbi. Huo nao ni mlango wa kwenda bila kurudi, ukishapita forodha kuja kudai tena ni kazi. Humo humo ndani kuna kaunta ya mizigo iliyopotea, nenda na kile kikaratasi cha tegi ulichobandika kwenye simu, wajaze ripoti, wakupe namba ya kufuatilia, ipige picha. Kampuni ya mwisho iliyokufikisha ndo unaanza nayo hata kama unajua fika kwamba aliyeliacha ni yule wa kwanza. Kwa Mkataba wa Montreal wa 1999, ule wa kimataifa wa safari za ndege, begi lililochelewa una siku 21 tangu ulipolipokea kupeleka malalamiko kwa maandishi, na lililoharibika una siku 7 tu, kwa hiyo hata likija zima zima lizungushe kwanza hapo kwenye mkanda, vuta mkono wake juu na chini, lisukume uone kama magurudumu yote manne yanazunguka, ndo utoke.